Umeota Nini Katika Chungu?

Ndugu msomaji, twende Bariadi. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, utafika Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria. Hapo utakunja kulia na kuliacha ziwa nyuma. Utapita mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe. Mbele yako ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012.

Ingia katika kaya moja ya wafugaji. Salimia, "Mwangaluka." Mama atakupa kiti. Karibu na jiko utaona chungu kilichotoboka. Mama amekijaza udongo na samadi ya zizini, akapanda vitunguu. Lakini kati ya vitunguu umeota mmea mwingine. Yeye hakuupanda. Majani yake ni mapana na mazuri. Kiangazi kimeingia, na mboga ni adimu. Je, auchume apike?

Hapana. Kwanza aujue.

Mmea huo umetoka wapi? Samadi hubeba mbegu nyingi. Mbegu nyingine huletwa na maji ya mvua au takataka. Mbegu huweza kulala udongoni miaka mingi. Ikipata maji, huota. Kwa hiyo si kila kinachoota chunguni ni mboga.

Uko mmea unaopenda mazizi ya zamani na majalala. Jina lake ni mnanaha. Ukiwa mchanga huweza kufanana na mnavu au mbilingani. Si ajabu, maana yote ni ya ukoo mmoja. Utautambuaje?

1. Tazama jani. Ukingo wake una meno makubwa yasiyolingana.
2. Sugua jani kidogo. Linanuka vibaya. Kisha nawa mikono. Usiguse macho kabla ya kunawa.
3. Tazama ua. Ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Ua la mnavu ni dogo sana.
4. Tazama tunda. Lina miiba, na ukubwa wake unakaribia yai la kuku. Tunda la mnavu ni dogo, la mviringo, na halina miiba.

Mnanaha una sumu kuanzia mizizi mpaka mbegu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Aliyeula hukauka kinywa. Mboni za macho hupanuka. Moyo huenda mbio, naye huweweseka. Jirani huweza kusema amerogwa. Hakurogwa. Amekula sumu. Mpeleke hospitali upesi, na chukua tawi la mmea alioula ili mganga alione.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua baada ya kula unga wa lishe. Watano walikufa. Wachunguzi walikuta katika unga huo sumu ya magugu ya aina hii.

Basi mama wa Bariadi afanye nini? Akiweke chungu mahali ambapo watoto hawafiki. Awaulize wazee na bwana shamba. Kama bado hawaujui, angoje ua. Akiona ni mnanaha, aung'oe kabla tunda halijapasuka, aufukie katika shimo refu.

Nawe, ndugu msomaji, tazama vyungu vyako leo. Mmea usioujua, usiutie chunguni kupika.