Pesa Ianze Kwenye Kinachoshika Gurudumu

Gari langu ni Toyota Carina Ti ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na kazi yake kubwa ni kupanda na kushuka kati ya Bukoba mjini, ninakofundisha, na nyumbani kwetu Kamachumu, wilayani Muleba. Kuna wakati kila aliyelipanda alinishauri niliuze. Mbele lilikuwa linagonga kila likiingia shimoni, kwenye kona za kupandia kutoka Muhutwe lilikuwa linayumba, na tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaanza kuonekana. Lakini nikiliuza ninunue nini? Gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru linapoingizwa nchini, na hata mtumba wa hapa hapa ni pesa ambayo mshahara wa ualimu hauikusanyi upesi. Injini ilikuwa nzima. Kilichochoka kilikuwa chini.

Nashuhudia kwamba gari hilo leo limetulia barabarani, na sikukopa hata shilingi. Limepona kwa awamu, kwa pesa ya kahawa ya shamba la mama na kidogo nilichokuwa naweka kila mwezi.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilinipa njia mbili: ninunue shokapu zote nne kwa mpigo, au nichomekewe mipira katikati ya springi ili gari linyanyuke. Ile mipira naikataa mpaka leo. Inaficha springi iliyolegea, inaifanya iwe ngumu mahali pamoja, na kishindo chote kinahamia kwenye bodi na viungo vingine. Fundi wa pili, mtu mzima wa pale pale Bukoba, hakutaja bei. Alipiga jeki chini ya bodi, akaweka stendi, tairi likabaki linaning'inia, kisha akaingia na nondo na tochi.

"Waitu mwalimu," aliniita kutoka chini ya gari, "hili haliumwi sehemu moja. Ukitaka vyote leo hutaweza. Tuanze na kinachoweza kukuua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonibadilisha. Alikuwa amekwisha kuona boljointi ya kushoto, kiungo kinachoshika gurudumu kwenye amu: alipoisukuma kwa nondo, ilicheza, na kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimechanika. Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Mpira ukishachanika, tope na maji huingia, grisi huisha, chuma kikabaki kinasaga chuma. Siku boljointi inapochomoka, gurudumu hulala nje na usukani hauna tena la kufanya. Shokapu iliyokufa inakurusharusha na kurefusha umbali wa kusimama, nayo ni hatari, lakini mara nyingi inakupa muda. Boljointi haikupi. Kwa Carina imefungwa kwa boliti, kwa hiyo hubadilishwa yenyewe bila kununua amu nzima. Tulibadilisha zote mbili, pamoja na ncha za tairodi zilizokuwa zikicheza alipolishika tairi kushoto na kulia na kulitikisa. Pesa ya awamu ya kwanza ikaishia hapo. Gari liliendelea kugonga, nami nikaendelea kuliendesha pole pole, nikijua gurudumu limeshikwa.

Awamu ya pili ilikuwa bushi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza pesa wakidhani spea ni feki. Bushi ni kama gegedo la goti: mpira uliofungiwa ndani ya chuma, unaojinyonga kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Haukuumbwa kuzunguka. Boliti za amu zikikazwa gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa katika mkao huo. Gari likishushwa, tayari umejinyonga, na hubaki hivyo mchana na usiku. Utachanika mapema hata kama ni mpya na wa asili. Fundi wangu alizifunga boliti bila kuzikaza, akalishusha gari likasimama kwa magurudumu yake, akalitikisa likae, ndipo akajilaza na spana kuzikaza. Ni dakika chache tu za ziada. Bushi zote za mbele, pamoja na linki za stabilaiza, zilinigharimu chini ya bei ya shokapu moja mpya, na zaidi ya nusu ya kelele iliondoka siku ile.

Shokapu zikaja za tatu, baada ya mavuno ya kahawa. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari; shokapu kazi yake ni kuituliza isiendelee kudunda. Za mbele nilinunua mpya, kushoto na kulia pamoja, maana moja mpya na moja nzee huvuta gari upande. Za nyuma nilichukua za mtumba kutoka Japani, baada ya fundi kuzisimamisha wima, kuzibonyeza na kuzivuta, na kuhakikisha ni kavu na fito zake hazina kutu. Mpira wa mtumba sinunui, kwani mpira huzeeka hata ukiwa kabatini.

Kwa atakayefanya kazi hii nyumbani naomba jambo moja kwa msisitizo: springi ya mbele isifunguliwe bila klempu mbili za kuibana. Nimeona vijana wakiifunga kwa waya. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya, inaua. Klempu huazimwa gereji.

Mwisho tukafanya alaimenti, nikaweka matairi mapya mbele. Kama ningeyaweka mwanzoni, yangelika vile vile.

Mama yangu, ambaye ana mgongo mbovu, alikuwa ameacha kupanda gari langu. Kliniki yake iko hospitali ya mkoa Bukoba, na alikuwa anaona heri basi. Nilipomchukua mara ya kwanza baada ya shokapu, alikaa kimya mpaka Kemondo, kisha akauliza, "Mwanangu, hili ni lile lile?" Siku hizi hunipigia simu mwenyewe kuuliza nashuka lini.

Nami nimekuwa dereva mwingine. Napunguza mwendo kabla ya tuta badala ya kufunga breki juu yake, na kila nikibadilisha oili namwomba fundi apitishe nondo chini. Bado kuna bushi za amu za nyuma. Zimeanza kupasuka pembeni, ila hazijalegea. Tumekubaliana zitabadilishwa malipo ya kahawa ya msimu huu yakitoka, na zitakazwa gari likiwa chini.