Kupumzika Nako Ni Dawa

Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya Korona tarehe 6 Aprili 2020, mpaka wa upande wetu uliwekwa kwenye daraja la Mto Chania, pale Thika. Kiandutu ikabaki ndani. Mtaa ule nyumba za mabati zimebanana, choo ni cha ploti nzima na maji ni ya kununua kwa mtungi, na wakazi wake ndio walioambiwa wakae mbalimbali na wanawe mikono kila mara. Dadangu mkubwa alikuwa humo, mama fua katika nyumba za mtaa wa Section 9. Mimi nilikuwa Coventry, Uingereza, nikihudumia wazee kwenye makao yao. Tuliugua Korona sote wawili mwaka huo, na hadi leo hakuna aliyepona sawasawa.

Mimi nilipimwa, majibu yakaandikwa. Uchovu ulipokataa kuondoka, daktari alinipa barua ya kupeleka kazini. Sheria ya huku humtaka mwajiri amlipe mgonjwa kwa muda usiozidi wiki 28. Ni pesa kidogo, hazitoshi kodi ya nyumba, lakini mtu anaweza kulala na kazi yake ikamngoja. Mwishoni mwa 2020 huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilianza kufungua kliniki za watu walioachiwa maradhi na Korona. Foleni ilikuwa ndefu, ila nilikuwa kwenye foleni.

Dadangu hakupimwa. Maabara za binafsi zilidai maelfu ya shilingi, na wakati huo wenye nyumba alizokuwa akifua walikuwa wamemwambia asije, wakiogopa kuambukizwa. Alishikwa na homa, kifua kikabana, akawa hasikii hata harufu ya sabuni. Homa ikaisha. Miezi ikapita, akanipigia simu: "Mdogo wangu, hii kitu haijaniwachilia." Katika zahanati alizozunguka alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, mwishowe akaambiwa ni mawazo tu.

Ugonjwa huu unaobaki baada ya Korona una hila yake. Siku ya kazi dadangu anaweza kuamka vizuri, akafua mashuka, akakamua blanketi mpaka maji yaishe, akaanika, akapokea hela yake na kurudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake ndipo mwili unapodai. Mikono inatetemeka akishika kikombe, anasahau alichotumwa dukani, na anaweza kulala siku mbili mfululizo. Jirani aliyemwona jana akianika nguo anamwona leo mvivu.

Mimi nilifundishwa kupima nguvu zangu na kuacha kazi kabla sijachoka. Mpaka sasa hakuna dawa inayojulikana kuuponya ugonjwa huu, kwa hiyo mapumziko ndiyo sehemu kubwa ya matibabu. Mama fua akipumzika hali, na hilo ndilo linaloniumiza: tiba isiyohitaji mashine wala chupa ndiyo asiyoimudu.

Siipambi Coventry. Nilipokuwa kitandani, ngazi za jengo letu zilipandwa na kushukwa na watu wasiojua kama ndani kuna mtu. Kule Kiandutu, yule yule jirani aliyenong'ona habari za uvivu ndiye aliyemchotea dadangu maji na kumlisha mtoto wake. Ningekuwa na uwezo ningeichukua barua yangu ya daktari nikampa yeye, naye anigawie jirani mmoja.

Mwaka 2020 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 3, nyingi kuliko mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa M-Pesa haikutoza ada kwa kutuma hadi shilingi 1,000. Pesa zile zilinunua unga, barakoa na dawa. Ninachowaomba wenzangu wa ughaibuni ni kwamba tutume pia pesa za kupumzika, na tuziite hivyo, ili anayezipokea asione aibu kulala mchana.

Na kwa wanaotibu watu wetu Thika na Ruiru: maelezo ya ugonjwa huu ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa Oktoba 2021 hayadai cheti cha kipimo. Inatosha kwamba yamkini mtu aliugua Korona, kwamba miezi mitatu baadaye bado anaumwa, dalili zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna maradhi mengine yanayozieleza. Muulizeni mgonjwa kama siku alizougua alipoteza uwezo wa kunusa. Muulizeni anakuwaje siku ya pili baada ya kazi. Kisha andikeni jibu kwenye kile kijitabu anachokuja nacho kliniki, maana kilichoandikwa na daktari hata mwajiri hukisoma.

Dadangu hatimaye alipata mhudumu aliyemuuliza, akaandika. Kijitabu amekionyesha kwa wateja wake. Wawili wamekubali afue siku zilizoachana, blanketi wapeleke kwingine. Wa tatu alimtafuta mtu mwingine, na pengo hilo mwezi huu nalijaza mimi.