Uvivu wa Picha

Uvivu ni aibu kwa mtu, lakini katika kurasa za mtandao umepata heshima. Picha huagizwa isije mpaka jicho la msomaji liikaribie, ili asiyefika mwisho wa ukurasa asilipie asichokiona. Niliusifu ufundi huo mara nyingi, wala sikujua kuwa siku moja ungeniaibisha mbele ya shangazi yangu.

Nilikuwa nimetunga ukurasa wa picha arobaini za ukoo wetu. Likizo iliyopita nilikwenda Mandawa, wilayani Ruangwa, nikamfungulia shangazi katika simu yake mwenyewe. Maandishi yalikuja, mahali pa picha palikuwa na visanduku vitupu vya kijivu. Aliusogeza ukurasa taratibu kwa kidole hadi mwisho, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, jina la kaka yangu nimeliona, mwenyewe yuko wapi?"

Kaka yake ni marehemu baba yangu. Nikasingizia mtandao.

Usiku nilifungua ukurasa ule kwa kompyuta yangu, kwa mtandao wa simu ile ile. Picha zote zikaja. Basi mtandao haukuwa na hatia. Niliunga simu na kompyuta kwa waya, nikasoma taarifa za makosa. Anwani za picha nilikuwa nimezificha pembeni, nikaiachia JavaScript kazi ya kuzirudisha kila picha ilipokaribia kuonekana. Ili kuutambua ukaribu huo nilitumia chombo kiitwacho IntersectionObserver, ambacho Chrome ilikipata mwaka 2016. Kivinjari cha shangazi kilikuwa cha kale zaidi. JavaScript ilikwama katika jina hilo geni, na picha zikabaki zikingoja mwito usiokuja.

Nilirudisha kila anwani mahali pake pa asili, nikaziwekea picha agizo la uvivu la HTML yenyewe, ambalo Chrome ililipokea mwaka 2019. Kivinjari kilijuacho agizo hilo hulitii. Kisicholijua hulipuuza na kuleta picha zote. Kwa ajili ya simu za namna hiyo, nikazipunguza picha uzito.

Asubuhi shangazi alimwona kaka yake. Hakusema neno, alikifuta kioo cha simu kwa ncha ya kanga, akatazama tena. Mimi niliona haya. Kazi yangu nilikuwa nimeipima kwa vyombo vyangu tu, na iliposhindwa nikaulaumu mtandao wa kijiji. Uvivu wa picha ulikuwa na dawa ya usiku mmoja. Uvivu wangu ndio uliomnyima mzee haki yake.