Shaba Inayokatwa Inatoka Wapi?

Wapo kati yetu wanaodhani kwamba mtu aliyesomea uhandisi ughaibuni hutumia jioni zake kusoma vitabu vizito. Zangu mimi, kuanzia Septemba hadi msimu wa kulungu unapofunguliwa mwishoni mwa Novemba hapa Pennsylvania, huishia kwenye karakana yangu chini ya nyumba, nikijaza upya maganda ya risasi.

Kwa wasioijua kazi hii: ganda la shaba likishafyatuliwa halijafa. Unalisukuma ndani ya kalibu ya chuma lirudie umbo lake, unatoa fataki iliyoungua na kuweka mpya, unapima baruti, unapachika kichwa cha risasi juu, basi. Sheria ya shirikisho hapa Marekani inamruhusu mtu kujaza kwa matumizi yake mwenyewe. Wenzetu mlioko nchi nyingine, tazameni kwanza sheria za huko.

Kero ambayo kila mjazaji huilalamikia ni kwamba ganda hurefuka. Ganda la .30-06, ambayo ndiyo bunduki yetu, halitakiwi kuzidi milimita 63.35. Likizidi, mdomo wake hubanwa mwisho wa chemba, ukang'ang'ania kichwa cha risasi badala ya kukiachia, na shinikizo likapanda kupita kiasi. Kwa hiyo watu hukata. Nasi tulikuwa tukikata kwa kifaa cha kuzungusha kwa mkono, na mtu akimaliza maganda 100 jioni hiyo dole gumba halishiki hata kijiko.

Wengi huishia hapo: limerefuka, likate. Binti yangu, mwenye miaka 19 na ambaye huwinda pamoja nami, ndiye aliyesimamisha mkono siku moja akauliza: "Baba, kama kila mara tunakata huku mdomoni, hiyo shaba inatoka wapi?"

Nimeulizwa maswali mengi kazini, machache yenye uzito huo. Shaba haizaliwi ndani ya chemba. Risasi ya .30-06 ikilipuka, shinikizo laweza kufika pauni 60,000 kwa inchi moja ya mraba, yaani kama mara 4,000 ya hewa inayotuzunguka. Kuta nyembamba za mbele hunata kwenye chemba. Kitako, kwa kuwa ni kinene, hakinati. Husukumwa nyuma mpaka kigote kwenye bolti. Kama kuna nafasi ya kwenda, sehemu iliyo kama sentimita moja juu ya kitako ndiyo inayonyooshwa. Kisha unalirudisha ganda lililotanuka kwenye kalibu, linakamuliwa. Fumbata donge la unga wa chapati kiganjani uone: hutokeza juu, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ndivyo shaba inavyopanda kuelekea shingoni. Zile chenga zinazong'aa mezani zimeanza safari yake huko chini, na kila ukikata, ukuta ulio karibu na kitako umezidi kuwa mwembamba. Siku ukiachia, ganda hukatika vipande viwili, na gesi ya moto hurudi nyuma. Uso wa mwanangu uko kama shubiri moja tu kutoka hapo.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, ana Lee-Enfield ya .303, ndugu wa zile walizobeba babu zetu wa KAR kule Burma mwaka 1944. Maganda yake yalikuwa yakikatika mara ya tatu au ya nne, ijapokuwa aliyakata kwa uaminifu mkubwa. Bunduki ile hushikilia ganda kwa ukingo wa kitako, na chemba zake za kijeshi zilifanywa pana ili risasi yenye tope nayo iingie. Jeshi halikuwa na haja na ganda lililokwisha tumika. Nani angeyaokota msituni Burma? Mzee alikuwa akirudisha bega la ganda nyuma kabisa, na chemba ikilisukuma tena mbele. Sasa anabana shingo tu, bega analiacha lilivyotoka kwenye chemba, na hukata mara chache mno.

Kwetu dawa ni hiyo hiyo kwa kipimo. Maelekezo mengi husema kalibu ishushwe mpaka iguse kishikio cha ganda. Hapo bega laweza kurudi nyuma kuliko inavyohitajika. Sisi tunafunga kipete maalumu kwenye kalipa, tunapima kutoka kitako hadi bega kabla na baada ya kubana, na kuinua kalibu kidogo kidogo mpaka bega lirudi thau moja au mbili tu, yaani kama milimita 0.05. Bolti inafunga kwa ulaini, na shaba haina pa kukimbilia.

Mwizi wa pili ni gololi iliyo ndani ya kalibu, ile inayopanua shingo wakati ganda linatoka. Ikipita pakavu huivuta shingo pamoja nayo. Utaisikia ikipiga kelele kama mlango wa ghala. Unga kidogo wa grafaiti ndani ya shingo unatosha.

Kuna pia kalibu ya RCBS iitwayo X-Die, yenye kizuizi kinachokataza mdomo kurefuka. Inapunguza kukata kweli, lakini ganda linaweza kuwa na urefu halali huku limekwisha kuliwa chini, kwa hiyo mimi siwezi kuifanya ndiyo mlinzi wangu. Na kupima urefu hatujaacha hata mara moja.

Binti yangu amekunja ncha ya kibanio cha karatasi kikawa kama ndoana ndogo. Anakiingiza ndani ya kila ganda na kukiburuta ukutani kutoka chini kwenda juu, kusikiliza kama kuna mfereji. Maganda yake 40 ya msimu uliopita yamefyatuliwa mara tano, yamekatwa mara moja. Mawili tumeyaponda kwa nyundo tukayatupa, ndoana ilikwama.