Eti Nachora Kizamani

Haya wasee, leo mniskize mpaka mwisho, kwa sababu hili jambo limeninyima usingizi wiki tatu.

Mnaonifuata mnajua nachora. Video zangu nyingi ni mkono tu, kalamu nyeusi, karatasi, na upepo wa Kuruwitu unavuma nyuma. Lakini video hazinilipi kitu cha maana. Kinachonilipa ni vitabu vya watoto. Mtu ana hadithi yake, mimi namchorea picha, ukurasa kwa ukurasa. Hapo ndipo bando hutoka, unga hutoka, na sehemu ya karo ya mdogo wangu pia.

Mwezi uliopita nikapata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Kurasa 24, hadithi ya mtoto wa pwani anayefuatana na babu yake baharini. Nikaona hii imeandikwa kwa ajili yangu. Nikachora kurasa nne za mwanzo, nikatuma. Jibu likaja baada ya siku mbili, fupi kabisa: mkono wako mzuri, lakini picha zinaonekana za kizamani, watoto wa siku hizi wamezoea vitu vya kisasa, jaribu tena.

Manze. Neno moja tu, "kizamani", na nikakaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Wacha niwaeleze kwa nini liliniuma hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitawadanganya ati niliacha kwa sababu nilikuwa na ndoto kubwa. Karo ilikwama, nikazuiwa kufanya mtihani, nikarudi nyumbani kungoja. Katika kungoja ndiyo nikaanza kulipwa kuchora. Pesa ya karo ilipoanza kupatikana kidogo kidogo, nilikuwa sitaki tena kurudi. Nikamwambia mamangu, "Mama, kazi hii itatulisha." Alinyamaza, akageuza samaki kwenye karai, kisha akasema, "Haya mwanangu. Ila usije ukaniaibisha."

Kwa hivyo mtu akisema mchoro wangu ni wa kizamani, mimi siskii habari ya mchoro. Naskia: uliacha masomo kwa ajili ya kitu ambacho wakati wake umeshapita.

Sasa, huu mkono niliutoa wapi? Sikufunzwa na mtu. Mamangu ni mama karanga. Ananunua samaki kwa wavuvi, anawakaanga, jioni anauza kando ya barabara. Nilipokuwa mdogo alikuwa anafungia kwa gazeti, na kazi yangu ilikuwa kukata yale magazeti kuukuu vipande vipande. Ndipo nikakutana na Juha Kalulu, kile kibonzo cha Taifa Leo ambacho mzee Edward Gitau alikichora kwa miongo mingi. Kila nilipomwona Juha nilimkata pembeni, nikamficha chini ya godoro. Alikuwa ananukia mafuta ya samaki. Halafu kulikuwa na vitabu vya Masomo ya Msingi walivyoviacha binamu zangu wakubwa, vimechanika majalada. Mistari mizito, kivuli kilichochorwa kwa vistari vidogo vidogo. Nilikuwa naweka karatasi juu yake nanakili.

Basi huo ndio mkono wangu. Sikuchagua kuwa mtu wa zamani. Nilichora kwa kile kilichokuwepo nyumbani.

Nilipoambiwa nijaribu tena, nilijaribu kweli. Nikaenda Mtwapa kwa rafiki yangu mwenye tableti, nikakaa kwake siku tatu. Nikachora mtoto mwenye macho makubwa kama sahani, ngozi inang'aa kama amepakwa mafuta ya nazi na kusuguliwa, jua la dhahabu nyuma ya kila kitu. Halafu rafiki yangu akanicheka, akasema kwani unajitesa kwa nini? Akaandika sentensi moja kwa Akili Unde, na kabla sijamaliza chai kulikuwa na mtoto wa pwani, babu, dau na machweo.

Ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini nikaitazama kwa muda. Tanga la lile dau lilikuwa limening'inia hewani, halikufungwa popote. Samaki aliyeshikwa na babu hakuwa samaki wa huku, sijui ametoka bahari gani. Ufuo ulikuwa ufuo wa popote duniani. Na kilichonishtua zaidi ni kwamba hiyo picha nilikuwa nimeshaiona. Kwenye bango la saluni. Kwenye tangazo la mkutano wa maombi. Kwenye kadi ya harusi. Juzi tu mtindo huo ulikuwa unatufanya tuseme "woi!" Leo mtu akiuona anapitisha kidole, anaendelea. Ule unaoitwa usasa umezeeka mbele ya macho yetu, na haujamaliza hata miaka mitano.

Usiku huo nikaanza kusoma. Nikakumbuka Tinga Tinga Tales, ile katuni ya wanyama tuliyoipenda wengi wetu. Mnajua ilitoka wapi? Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka wa 1968, kwenye vipande vya ubao wa bei rahisi, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alikufa mwaka wa 1972, akapigwa risasi na polisi waliodhani ni mwizi. Alichora miaka minne tu. Wenzake wakaendeleza. Halafu mwaka wa 2010 mtindo uleule, vidoadoa vilevile, ukawa katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC. Watoto waliokuwa wanaitazama, sisi hao, hakuna aliyesema mbona hawa wanyama wamechorwa kama wa mwaka wa sitini na nane. Tulikuwa tunataka kujua tu kwa nini tembo ana mkonga mrefu.

Kuna pia John Kilaka wa Tanzania, ambaye mkono wake umetoka kwenye shina hilohilo la Tingatinga. Anachora vitabu vya watoto, wanyama wamevaa nguo kama watu wa sokoni, na vimetafsiriwa mpaka Ulaya. Kimoja ni cha samaki, kinaitwa Fresh Fish kwa Kiingereza.

Kufika hapo nilikuwa nimeshajiandalia hotuba. Nilikuwa nimwandikie mteja: wewe hujui sanaa, mtindo wangu ni urithi, kwaheri. Na hii posti ingeishia hapo, mngenipigia makofi, tungelala.

Lakini nilirudi nyumbani na kurasa zote mbili, za kalamu na za tableti. Kabla ya kutuma hotuba yangu nikawaita watoto wa kakangu na wenzao, sita hivi, tukakaa chini ya mkungu. Sikuwaambia lolote. Nikaweka zile za tableti kwanza.

Wakazipenda, msidhani. "Shangazi, inang'aa!" Halafu mmoja akaweka kidole juu ya samaki, akauliza, "Huyu analiwa?"

Nikamwambia sijui. Kweli sikujua.

Nikaweka za kalamu. Kidole kikaenda palepale kwenye samaki. "Huyu tafi!" Mwingine akadakia, "Usimshike hapo juu, ana miiba, utachomwa." Wakaanza kubishana nani ameshawahi kuchomwa na tafi, nani alilia, nani anadanganya. Nikajiambia, umeona? Nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Kwa sababu mtoto wa kike wa miaka saba, yule asiyeongea sana, alikuwa bado anatazama picha. Akauliza, "Shangazi, hawa ni watu wa kitambo?"

"Kwa nini?"

"Nyumba yao ya makuti. Na babu hana simu. Na hakuna bodaboda."

Nikatazama tena kurasa zangu nne. Nyumba ya makuti peke yake, wakati ya kwetu ina mabati na tangi jeusi la maji mlangoni. Mama wa yule mtoto anainama jikoni, baba amekaa kitini na gazeti, sawasawa na kurasa za Masomo ya Msingi ninazozikumbuka. Nilikuwa nimechora nyumba ambayo sijawahi kuishi.

Mamangu naye akapita, akasimama, akatazama ukurasa wa sokoni ambapo nilikuwa nimemchora muuza samaki. Kwa kweli nilikuwa nimemchora yeye. Akasema, "Huyu mama anauza kwa kikapu? Na karai lake liko wapi? Na namba ya M-Pesa ameandika wapi, au anakopesha watu wote?"

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Halafu lililonimaliza ni bahari yenyewe. Babu kwenye hadithi anaenda kuvua, na mimi nilimchora anatupa nyavu karibu na matumbawe, popote anapotaka, kama babu zetu walivyovua. Lakini sisi ni watu wa Kuruwitu! Mwaka wa 2003 wazee wa hapa walikaa chini wakaunda chama kwa sababu samaki walikuwa wanaisha. Mwaka wa 2005 wakatenga hekta 30 hivi za bahari, wakasema hapa hakuna kuvua. Ndilo tengefu letu. Mwaka wa 2017 kijiji kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo. Tengefu lilipowekwa mimi nilikuwa na miaka miwili. Sijawahi hata siku moja kuishi katika ile bahari niliyoichora.

Kwa yule mtoto wa miaka saba, babu si mtu anayevua kila mahali. Babu ni mtu anayejua hapa tunavua na pale hatuvui, na anayegombana na anayevuka mpaka. Hiyo ndiyo hadithi ya siku hizi, na iko nje ya mlango wangu, na mimi nilikuwa nimeipita nikaenda kuchukua picha kwenye kitabu kilichochapishwa kabla sijazaliwa.

Basi nikaelewa. Mteja alisema kweli, ila alinyoosha kidole mahali pasipo. Kalamu nyeusi si kizamani. Vile vistari vya kivuli si kizamani. Ndivyo vilivyomfanya mtoto aione miiba ya tafi. Kizamani kilikuwa kile nilichokuwa nachora. Nilinakili mstari, na bila kujua nikanakili na dunia yao. Na ningeichora dunia hiyohiyo kwa tableti, ikang'aa kama kioo, ingebaki ya zamani vilevile. Ingekuwa nyumba ya makuti yenye mwanga mzuri.

Nilichora upya kurasa zote nne. Kalamu ileile. Paa la mabati, na kivuli cha mabati, jamani, ni raha kuchora kwa vistari. Bodaboda imesimama chini ya mnazi, nyuma imefungwa madumu. Baba anakuna nazi. Mama karanga ana karai lake, na kipande cha boksi kilichoandikwa namba ya kulipia. Babu amefunga simu yake ndani ya karatasi ya plastiki, ameitia mfukoni, anaonyesha mpaka wa tengefu kwa mkono, na mtoto anatazama upande ule ambako samaki wamejaa.

Nilimwonyesha mamangu. Akatazama sana ule ukurasa wa sokoni. Akasema, "Karai langu lina tundu hapa pembeni, hukuliweka." Nikaliweka.

Jumatatu nikatuma. Nikaandika sentensi mbili tu: nimebadilisha yaliyo ndani ya picha, mkono nimeuacha kama ulivyo, naomba mzionyeshe watoto kabla ya kuamua. Hotuba niliifuta.

Leo ni Ijumaa na bado sijajibiwa. Nitawaambia ukweli, naogopa. Kurasa 24 ni pesa ambayo sijawahi kuishika kwa mara moja, na huenda mtu akaangalia dakika moja akasema bado ni kizamani, akaenda kwa Akili Unde akamaliza kitabu kizima kabla ya chakula cha mchana. Ikiwa hivyo, sijui nitamwambia nini mamangu. Sina mwisho mtamu wa kuwapa.

Ila wewe unayechora, unayeimba, unayeshona, uliyeambiwa kazi yako ni ya kizamani, kabla hujautupa mkono wako na kabla hujamtukana aliyekuambia, fanya nilichokifanya mimi kwa kuchelewa. Chungulia nje ya dirisha lako. Kisha tazama kazi yako. Uliza kama hayo mawili yanajuana.

Mimi naenda kukaa chini ya mkungu. Watoto wamesema nimesahau paka.