Linux Yangu, Mzigo wa Mwalimu wa Handeni

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika. Hapana, nilikuwa mkoani Tanga kikazi, na nimerudi na jambo ambalo limenikaa kooni. Leo siandiki siasa. Naandika habari za Linux, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Gazeti lilinituma Handeni kufuatilia habari ya maji. Nilipomaliza, nikapita kwenye shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nina historia nayo. Septemba 2021, likizo ndefu kabla ya kuanza mwaka wa mwisho chuoni, niliwawekea Linux kwenye kompyuta kumi walizopewa msaada. Nilitegemea kukuta wanafunzi wakichapa. Nilikuta mlango umefungwa na kufuli limeshika kutu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuziangalia kompyuta zako?"

Alisema "zako". Neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Kwa wasiofahamu: Linux si mfumo endeshi mmoja kama Windows. Linus Torvalds alitoa kiini chake mwaka 1991, na kwa kuwa ni programu huria, mtu yeyote anaweza kukichukua, akakifungasha na programu anazozipenda, akakipa jina. Slackware na Debian zilianza 1993. Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilikuja Oktoba 2004. Leo kuna mamia ya aina hizo. Kiswahili chake tungeweza kusema "mgawo", lakini kwa Mtanzania neno hilo linakumbusha giza, kwa hiyo acha niseme "aina" tu.

Pale chuoni tulikuwa na kijiwe cha Linux, na kijiweni mtu alipimwa kwa aina anayotumia. Ubuntu tuliiona ni ya watoto. Mimi nilikuwa mtu wa Arch. Arch haina matoleo ya kila mwaka. Inasasishwa kila siku, kidogo kidogo, daima. Kwenye kompyuta yangu, na intaneti ya chuo, ilikuwa raha tupu. Kwa hiyo Handeni nikaweka Arch. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu kusema kijiweni kwamba kuna shule nzima Handeni inatumia Arch.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Mwaka 2023 shule ilipata printa. Mwalimu akataka kuongeza programu ya kuiendesha. Sasa, seva za Arch hutunza programu za toleo jipya tu. Ukitaka kuongeza kitu kimoja baada ya miezi mingi, inabidi usasishe kila kitu, na funguo za kuhakiki sahihi za programu nazo zinakuwa zimepitwa na wakati. Kompyuta kumi, bando la simu ya mwalimu. Haiwezekani.

Akampigia rafiki yake, mwalimu wa Korogwe, ambaye shule yake inatumia Ubuntu na mambo yanakwenda. Yule bwana akapanda basi, kilomita 65 hivi, akiwa na flashi yenye programu zote mfukoni. Akakaa mbele ya kompyuta, akaandika apt, amri ambayo ameitumia miaka yote. Kompyuta ikamjibu kwamba haijui amri hiyo. Kwenye Arch amri ni pacman. Na mafaili yake ya deb hayakufaa, kwa sababu Arch ina ufungashaji wake. Wakatafuta maelekezo kwenye simu, wakasasisha nusu nusu, jambo ambalo watengenezaji wa Arch wenyewe wanaonya wazi kwamba lisifanywe. Kompyuta tisa zikakataa kufunguka. Mwalimu wa Handeni akalaumiwa na wakubwa zake kwamba ameharibu mali ya shule. Mimi nilikuwa Dar natafuta kazi, na namba yangu ya simu nilikuwa nimeshabadilisha.

Arch haina kosa hapo. Kosa ni langu.

Nilipokuwa narudi nilishuka Korogwe kumwona huyo mwalimu wa Ubuntu. Nikimsubiri, mawazo yakaenda kwenye reli inayopita pale mjini. Wajerumani walijenga reli ya Tanga na reli ya kati kama njia mbili tofauti kabisa, lakini zote kwa upana mmoja, mita moja kati ya chuma na chuma. Ndiyo maana mwaka 1963 iliwezekana kuziunganisha kwa kipande cha Ruvu hadi Mruazi, wilayani humu humu Korogwe, na treni ikapita bila shida. Linganisha na TAZARA: upana wake ni milimita 1,067. Inakutana na reli ya mita moja pale Kidatu, na tofauti ya milimita 67 tu inatosha mzigo kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Mwalimu wangu na flashi yake alikuwa amefika Kidatu.

Je, basi tuseme Linux iwe moja? Kijiweni tulibishana sana juu ya hili. Jaribio lilikuwepo: Linux Standard Base, iliyotoka 2001, ilitaka programu iliyotengenezwa mara moja ifanye kazi kwenye aina zote. Debian waliachana nayo kwa sehemu kubwa mwaka 2015. Mwaka 2014 Debian hao hao walipochagua systemd kuwa ndiyo ya kuwasha mfumo, kundi moja liligoma na kuanzisha Devuan. Watu hawa hawapendi kupangiwa, na uhuru huo ndio uliowaleta kwenye programu huria.

Tena mwalimu wa Korogwe mwenyewe alinifungulia jambo ambalo sikulitegemea. Ana kompyuta nne za zamani sana, za biti 32. Ubuntu waliacha kutoa diski ya kawaida ya mashine hizo mwaka 2017. Kama Ubuntu ingekuwa ndiyo Linux pekee duniani, zile nne zingekuwa vyuma chakavu. Yeye akaziwekea Debian 12 ya mwaka 2023, ambayo bado ilikuwa na diski ya biti 32. Debian 13 ya Agosti 2025 nayo imeiacha, lakini zile nne bado zinachapa mitihani. Utofauti ndio uliozipa uhai.

Lakini angalieni alivyochagua. Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Amri ni ile ile apt. Alitofautiana bila kujitenga. Na mtihani ukichapwa kwenye mashine ya biti 32 unafunguka kwenye nyingine yoyote, kwa sababu muundo wa faili, OpenDocument, ni kiwango cha kimataifa tangu 2006.

Nikakumbuka pia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hawakuanza kwa kuunda Linux ya Kiswahili ya peke yao. Walitafsiri programu ambayo inakwenda kwenye Linux za aina nyingi na hata kwenye Windows. Kazi ikafanyika mara moja, faida ikaenda kwa wengi.

Basi mimi nimefikia hapa. Wanaotengeneza waachwe watofautiane wanavyotaka. Lakini pale ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine, kwenye faili, kwenye ufungashaji, kwenye amri za kila siku, hapo tuwe na upana mmoja wa reli. Na anayemwekea mtu mwingine mfumo asijiulize "ipi nzuri?" Ajiulize: mimi nikiondoka, ni jirani gani ataweza kumsaidia?

Nilirudi Handeni Jumamosi iliyofuata, kwa nauli yangu, pamoja na mwalimu wa Korogwe. Kazi za wanafunzi wa 2023 zilikuwa bado ziko kwenye diski, tulizinakili zote. Tukaweka Debian kwenye kompyuta zote kumi. Printa ikachapa jioni. Nilimwomba mwalimu radhi mbele ya mkuu wake, nikaeleza kwamba hakuharibu chochote.

Wanafunzi waliokuwa kidato cha pili mwaka ule wamemaliza shule bila kugusa kompyuta tena. Hao siwezi kuwarudishia.

Niliacha namba yangu ya simu imebandikwa ukutani. Chini yake niliandika namba ya mwalimu wa Korogwe, kwa ruhusa yake. Ya kwake niliiandika kwa herufi kubwa zaidi.