Bendi ya zamani yarudi, mjukuu auliza: Babu, wenzake wako wapi?

Mwezi Juni mwaka 2025 bendi ya Zambia iliyoanza mapema miaka ya 1970 ilitoa albamu mpya. Bendi inaitwa WITCH, na albamu inaitwa Sogolo, neno la Kinyanja lenye maana ya siku zijazo. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, amevuka umri wa miaka 70. Mashabiki wanamwita Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones.

Kabla ya hapo, mwaka 2023, bendi hiyo ilitoa albamu ya Zango, ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Tangu iliporudi imezunguka Ulaya na Marekani, ikipigia vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Jagari alipokuwa nyota mjini Kitwe.

Habari za wanamuziki wakongwe huwa zinafanana: nani bado anapanda jukwaani, nani amestaafu, albamu ijayo inatoka lini. Rolling Stones walioanza London mwaka 1962 walitoa albamu mwaka 2023, Jagger akiwa na miaka 80. Hapa nyumbani Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na mashabiki wake bado wanaujadili mwaka huo kama wanaojadili mwaka wa ndoa zao.

Kwa WITCH kuna jambo la ziada. Kati ya waanzilishi wote, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Wenzake wengi hawakufika uzee, na UKIMWI ndio unaotajwa zaidi katika vifo vya wanamuziki wa kizazi chao.

Njia ya Kitwe

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, iko mbali na kumbi za Ulaya, lakini haiko mbali na muziki huo. Kwa miongo mingi wanaume wa Undali walishuka milimani, wakavuka Tunduma na Nakonde kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Kitwe, Mufulira na Ndola. Walirudi na blanketi, baiskeli, redio na nyimbo.

Muziki waliokutana nao huko katika miaka ya 1970 ndio unaoitwa leo Zamrock: magitaa ya umeme yenye mkwaruzo, ngoma nzito, na maneno ya Kiingereza yaliyochanganywa na lugha za nyumbani. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia, na vijana wa mijini wakaijaza nafasi hiyo.

Mzee mmoja wa Itumba, aliyefanya kazi Kitwe katika ujana wake, anazikumbuka bado. Mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizo, alimtafutia video kwenye simu. Alipoona jina la bendi alishtuka kidogo.

"Babu, hili neno kwa Kiingereza si mchawi?"

Mzee alicheka. Akamweleza kuwa ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, na kwamba vijana wale walijitangaza kuwa wamekuja kuleta vurugu. Binti aliendelea kusoma maelezo chini ya video, kisha akauliza tena.

"Wameandika amebaki mmoja tu. Wenzake wako wapi?"

Hapo mzee aliacha kucheka. Baba wa binti, aliyekuwa karibu, alisema simu izimwe na watu wakalale. Mzee akasema iachwe.

Jina ambalo halikutajwa

Mdogo wa mzee huyo naye alifanya kazi Kitwe. Alirudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa amekonda, ana kikohozi kisichoisha na mkanda wa jeshi ubavuni. Alifariki miezi michache baadaye. Mke wake alimfuata mwaka wa pili.

Hakupimwa, hivyo hakuna awezaye kuthibitisha alichougua. Lakini ukoo haukusubiri uthibitisho. Ulisema karogwa kwa wivu wa mali aliyotoka nayo Zambia, na kidole kikaelekezwa kwa mama mmoja jirani, mjane. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazijaazimana hata chumvi. Mama huyo ameshafariki. Watoto wa pande zote mbili wamekua wakifundishwa kutosalimiana.

Usiku huo mzee alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mwanawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirudi Kitwe kufuatilia mafao yake. Alikuta wanaume watatu waliokuwa wakiishi chumba kimoja na mdogo wake wamekufa kwa hali ileile. Watatu hao walitoka makabila tofauti na hawakuwa na jirani mmoja wa kulaumiwa. Tangu hapo alijua. Alinyamaza kwa sababu mama yake alikuwa hai, na kusema UKIMWI enzi hizo kulikuwa kama kumvua marehemu nguo hadharani.

"Kwa hiyo yule mama..." mwanawe alianza, asimalize.

Enzi za giza

Wazazi wa leo wanaweza kuwalaumu wazee, lakini enzi zile zilikuwa ngumu. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1981. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kipimo cha damu kilianza kupatikana duniani mwaka 1985, na kijijini kilichelewa sana kufika. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Katikati ya miaka hiyo familia ilikuwa na mgonjwa, haina kipimo, haina dawa, na inadaiwa maelezo na waombolezaji. Uchawi ulikuwa jibu lililokuwa karibu.

Wapo waliovunja ukimya mapema. Mwaka 1987 Rais Kaunda alitangaza hadharani kuwa mwanawe, Masuzyo, aliyefariki mwishoni mwa mwaka uliotangulia, alikufa kwa UKIMWI. Hapa nchini Remmy Ongala aliimba Mambo kwa Soksi kuhimiza matumizi ya kondomu, na redio ya taifa ikakataa kuipiga. Watu waliusikia wimbo huo kwenye kumbi na kanda.

Leo hali ni tofauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea nchini wanaishi na VVU. Anayegundulika mapema na kumeza dawa kila siku anaweza kuishi hadi kuona wajukuu. Akizitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mjamzito anayetumia dawa anaweza kujifungua mtoto asiye na maambukizi. Kama dawa hizo zingekuwepo mwaka 1985, huenda Jagari asingekuwa peke yake kwenye picha.

Mzazi afanye nini?

Watoto wengi hawaulizi kuhusu VVU moja kwa moja. Wanaanza na kitu kingine: picha ya zamani ukutani, kaburi lisilozungumzwa, wimbo. Swali likija, usizime simu. Mambo haya yanasaidia.

Taja ugonjwa kwa jina lake. "Aliugua tu" na "alikuwa na mikosi" humfundisha mtoto kwamba jambo hilo ni la aibu, na siku akiwa na wasiwasi juu ya afya yake mwenyewe hatakuja kwako.

Sema unachojua, na ukiri usichojua. Kama marehemu hakupimwa, mwambie hivyo. Mtoto wa sekondari anaelewa tofauti kati ya ushahidi na hisia, na atahitaji kuielewa maisha yake yote.

Usimhukumu marehemu mbele ya mtoto. Mwanaume aliyekwenda mgodini kutafuta ada na bati za nyumba hakwenda kutafuta ugonjwa.

Zungumzia kupima kama mnavyozungumzia malaria. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU, na kujipima kunaruhusiwa kisheria. Akipima mwenyewe na kipimo kikaonyesha maambukizi, lazima aende kituo cha afya kuthibitisha. Ni heri ajue kuwa utamsindikiza.

Na kama kifo cha zamani kiliacha jirani akiitwa mchawi, litazameni upya. Kwa ugonjwa ambao leo una kipimo cha dakika chache, kuna watu bado wanabeba jina hilo, wao na watoto wao.

Katika familia hii ya Itumba mambo hayajaisha. Baba wa binti alikaa siku kadhaa bila kuligusia jambo hilo. Kisha akamuuliza mzee kama anaweza kuyarudia maneno yale mbele ya watoto wa yule mama. Mzee alisema anaweza, ila si yeye peke yake. Wazee wa ukoo waliokuwepo msibani wawepo pia. Wamepanga kikao msimu wa kahawa ukiisha. Upande wa pili umepelekewa taarifa, na haujajibu.

Binti amerudi shuleni. Kabla ya kuondoka alimwekea babu yake nyimbo za Sogolo kwenye simu, akamwonyesha mahali pa kubonyeza.